Huyu Gameoveri

Juzi niliona mjini, kwenye kibanda cha vitu vikuukuu, ile mashine ya gemu za kaseti. Nikakumbuka harufu ya plastiki moto sebuleni kwa jirani yetu, Waithaka, na sisi watoto tukipuliza vumbi kwenye kaseti.

Kila mmoja wetu aliposhindwa, televisheni iliandika GAME OVER, yaani mchezo umekwisha. Kwa kuwa nilikuwa nimejua kusoma Kiswahili tu, nilisoma ga-me-o-ve-ri, nikaamini ndilo jina la adui aliyetupiga sote.

Alasiri moja mama akanifumania, kisu cha kukatia mboga ya sukuma mkononi.

"Wewe msichana, hii mchezo itakupeleka wapi? Toka!"

"Ngoja, mama. Nimpige huyu Gameoveri kwanza."

Watoto wote walicheka. Nikavutwa sikio hadi nyumbani.

Mchezo huo umenipeleka mbali: siku hizi naandika kuhusu gemu, na watu husoma. Mama bado huniuliza nitakua lini. Basi nikainunua ile mashine, nikaiwasha sebuleni kwake, nikamkabidhi acheze. Alishindwa upesi. Akayakodolea macho yale maandishi.

"Mama, chai inapoa."

"Ngoja," akasema. "Nimpige huyu kwanza."