Viti vya Nyuma ya Nyumba

Holger Wiebusch aliuza magodoro katika mji mdogo wa kaskazini mwa Ujerumani, na kwa sababu hiyo tu alijiona bingwa wa usingizi. Hata mteja aliyefuata foronya aliondoka na mhadhara mzima wa namna ya kulala. Dawa ya kila mtu alikuwa nayo, isipokuwa ya bintiye Wiebke, wa miaka mitano, ambaye kila saa za nchi nzima ziliposogezwa kwa saa moja, kama wafanyavyo huko mara mbili kwa mwaka, alivuruga usingizi wa nyumba nzima.

Mwaka huu haukuwa wa mchezo. Jumatatu, siku moja tu baada ya saa kusogezwa, Wiebke alitakiwa kwa daktari anayewapima watoto kama wako tayari kwa darasa la kwanza. Akishindwa, angebaki chekechea huku rafiki zake wote wakimwacha. Na mkoba wa shule alishanunuliwa, akawa analala nao.

Basi Holger akajitwika kazi. Wiki nzima kabla ya hapo, akasogeza muda wa kumlaza mtoto kidogo kidogo, ili mwili uzoee. Mkewe Silke, muuguzi wa zamu za usiku, alimuuliza kama ana hakika anasogeza kuelekea wapi. Holger alikaribia kununa. Kila mtu wa pale amefundishwa tangu utotoni: baridi ikiisha, viti vya bustani vinatolewa mbele ya nyumba, na saa inakwenda mbele; baridi ikirudi, vinarudishwa nyuma, na saa vilevile. Akachungulia dirishani. Viti vyake, alivyovitoa stoo juzi baridi ilipoisha, vilikuwa nyuma ya nyumba. Basi ni nyuma, akaamua, na kila siku akazidi kumchelewesha mtoto kulala.

Jumapili asubuhi saa ya jikoni, aliyoirudisha nyuma kwa mkono wake, ilipishana kwa saa mbili na simu, ambayo hujisogeza yenyewe. Holger akailaumu simu. Kengele ya kanisa ikalia, ikawa upande wa simu. Silke aliporudi kutoka kazini akatazama saa, akatazama bustani, akaketi na koti lake mwilini, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"We Holger, kibaraza chetu cha kuwekea viti si kiko nyuma mwaka mzima?"

Usiku huo Wiebke aliimba kitandani mpaka wazazi wakakata tamaa. Asubuhi wakamvisha viatu huku anakoroma. Kwa daktari alisimama kwa mguu mmoja vizuri tu, lakini alipoambiwa achore mtu, alichora kichwa, akalaza cha kwake juu yake, akalala fofofo.

Holger akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Hakutaka mtoto aponzwe na ujinga wa baba yake, kwa hiyo akasema yote, viti, kibaraza, hata kazi yake ya magodoro. Daktari, mama wa makamo, alimsikiliza bila kutabasamu.

"Mlete tena wiki ijayo, akishalala," akasema. "Mtoto hana neno. Ila wewe, Bwana Wiebusch, naona darasa la kwanza bado kidogo."

Siku hiyohiyo, ili asikosee tena, Holger alivihamishia viti mbele ya nyumba, kando ya mapipa ya taka, kwenye kivuli na upepo. Mpaka leo anakaa hukohuko akitetemeka, na majirani wakipita humuuliza ni saa ngapi.