Nilimkalisha Mkwe Wangu Atazame Bomba la Choo

Ndugu wasomaji, kosa ni langu, na msinitafutie mtu wa kugawana naye. Jina langu silitaji. Nusu ya mtaa wanalijua tayari, maana nilihakikisha mashahidi wanakuwa wa kutosha.

Ninaishi Kindu, katika moja ya zile nyumba za matofali zilizojengwa karibu na reli wakati wa Mbelgiji. Paa lake refu, kuta zake nene, na chini ya ardhi kuna mabomba ya udongo wa kuchoma ambayo hakuna aliye hai aliyewahi kuyaona. Wakati wa vita wapiganaji walilala humo, wakaota moto kwa milango yetu. Nyumba ikasimama tu. Mabomba yakapitisha maji tu. Kumbe yalikuwa yananisubiri mimi.

Mwaka huu nilijenga barza, kibaraza cha kupumzikia mbele ya nyumba, na barza nikaitia nguzo nne za zege, kwa kuwa mtu mwenye akili kama yangu hawezi kuishi bila nguzo.

Mwezi uleule mkwe wangu alifika kutoka Tunda. Mke wangu, Zaina, alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza kufika umbali huo baada ya mbili zilizotoka. Mama yake alikuja kumngoja ajifungue, amkande kwa maji ya moto, ampokelee mtoto. Hilo ndilo lililokuwa nyumbani mwangu: mtoto anayekuja, na mikono iliyokuja kumpokea.

Kisha choo kikaanza kurudisha maji.

Ningeweza kujiuliza ni nini kimebadilika chini ya ardhi. Nikajiuliza ni nani amehamia juu yake.

"Mama yako anatumia nini kule ndani?" nikamuuliza Zaina.

"Unauliza nini?"

"Nauliza tu. Kule Tunda watu wanatumia magunzi ya mahindi. Choo ya maji haijui magunzi."

Zaina akaweka chini sahani aliyokuwa anafuta. "We bwana, huyo ni mukwe wako. Mukwe na choo hawaingie mu kinywa kimoja."

Aliyosema ni kweli, na kila mtoto wa kwetu anayajua. Mkwe humkodolei macho. Huli naye sahani moja, na jina lake hulitamki. Akipita, unajibanza ukutani. Na choo je? Kwako wewe, mkwe mwanaume, mama huyo hana choo. Hajawahi kuwa nacho maishani mwake.

Lakini mimi nimesoma. Nikaona mila imepitwa na mashine.

Nikamwita Trésor, kijana wa Goma mwenye miwani ya jua na maneno mengi, aliyeleta Kindu kamera ya mabomba: jicho dogo lenye taa kwenye ncha ya waya mrefu, na ekrani inayoonyesha kila kitu linachokutana nacho. Hata yeye, asiye wa mila zetu, alinionya.

"Patro, hii kazi ni ya mi na we. Tuone kwanza hii tuyo ya choo. Watu ni wa nini?"

"Nataka waone," nikasema.

Nikamwita mjomba wa Zaina. Nikawaita majirani. Nikapanga viti vya plastiki uani kama kwenye harusi, na mkwe wangu nikampa kiti cha mbele, kwa heshima. Ndiyo, nilitumia neno hilo.

Kuna jambo bado sijawaambia. Wakati wa vita, mji ulipofungwa na njaa ikaingia ndani, mama yangu alitoroka nami kwa miguu hadi Tunda. Nilikuwa na miaka minane, ninaharisha damu. Mama mwenyewe akaanguka na homa. Mwanamke tusiyemjua akatupokea. Kila asubuhi alinibeba hadi kijitoni, akanisafisha, akafua kile nilichochafua, akarudi kunilaza, mpaka nikapona. Hakumsimulia mtu. Binti yake alikuwa bado mchanga, amefungwa mgongoni. Binti huyo ndiye Zaina.

Je, nilikumbuka hayo nilipokuwa napanga viti? Nilikumbuka. Nikaona hayahusiani.

Trésor akafungua kifuniko cha zege pembeni ya nyumba, akaingiza waya, akaanza kutangaza kama mtu wa redio kwenye mpira.

"Tunaingia. Hapa iko muzuri. Ona tuyo ya Mubelgiji, hata mende wanapita na adabu. Tunaendelea, tunaendelea. Ngoja. Iko kitu."

Nikainuka nusu. "Magunzi?"

"Magunzi gani, patro? Iko chuma."

Ekrani ilionyesha chuma cha nondo kilichoshuka kutoka juu, kimetoboa bomba na kulipita hadi chini. Kukizunguka, saruji iliyomwagika ilikuwa imegandia humo. Na juu yake kilikuwa kimerundikana kila kitu ambacho nyumba yangu ilikuwa imetuma huko, kwenye taa nzuri, watu wote watazame. Gunzi halikuwepo hata moja.

Trésor akachukua kifaa kinacholia juu ya ardhi pale kamera iliposimama chini. Akatembea nacho taratibu. Wageni wangu wakaacha viti, wakamfuata. Kifaa kikanyamaza penye maua, kikanyamaza penye ngazi, kikalia kwenye nguzo ya tatu ya barza.

"Patro, hii nguzo alijenga nani?"

Jirani mmoja akajibu kwa niaba yangu: "Njo yeye mwenyewe. Alitukataza hata kuiegemea."

Walicheka. Mjomba peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama dada yake, mkwe wangu, ambaye hakutoka kwenye kiti. Tangu ekrani ilipowaka, alikuwa amejifunika kitenge kichwa na uso. Chuma hakukiona. Hakuona kitu.

Nikaenda karibu naye, nina habari njema. "Mama, imeonekana. Si wewe."

Hakunijibu mimi. Alisema na binti yake kutoka ndani ya kitenge.

"Zaina, mwambie mukwe: kama ningekuwa mimi, ingekuwa muzuri?"

Kisha akasema: "Nitafutie njia ya Kibombo, nirudi Tunda."

Zaina alitafuta njia, na akaipita pamoja naye, na tumbo lake. Mtoto alizaliwa Tunda, msichana. Zaina alikandwa maji ya moto hukohuko. Mimi niliambiwa kwa simu.

Nguzo nimeibomoa, bomba nimebadili. Nilimpigia Zaina, nikamwambia choo kimepona.

"Muzuri sana," akasema. "Basi mubakie wawili, we na choo."

Nilipeleka mbuzi wa kuomba radhi Tunda, kama desturi inavyotaka. Walimpokea. Binti yangu nilimwona kutoka upande wa pili wa ua, akiwa mikononi mwa shangazi wa Zaina. Mjomba akanikalisha chini.

"Mbuzi ni ya kinywa chako," akasema. "Kinywa tunajua namna ya kukiosha. Lakini kumwonyesha mukwe mambo kama yale, ndani ya televizyo, mbele ya watu? Wazee hawajasikia hiyo tangu wazaliwe. Hawajui ioshwe na nini. Wacha wakae, waamue."

Na kwa ukoo wao mtoto wa kwanza huingizwa nyumbani mwa baba yake na bibi yake. Bibi hawezi kukanyaga kwangu mpaka wazee waseme.

Kwa hiyo wewe uliyerithi nyumba ya zamani, ingiza kamera, nakusihi. Ni kitu kizuri, hakimsingizii mtu. Lakini iingie bombani kabla jina la mtu halijaingia kinywani mwako, na mtazame wewe na fundi, basi. Kama tayari umepanga viti, viondoe.

Wazee wa Tunda wamekaa mara moja, hawakuelewana. Watakaa tena mpunga ukishavunwa. Zaina anasema wakati huo mtoto atakuwa anatambaa.