Mama Mkwe Mwepesi Kuliko Jiwe

Kisa hiki ni cha kweli, na ushahidi wangu ni mmoja tu: mtu akitunga uongo hujipa sehemu nzuri. Hujifanya shujaa, au angalau hujifanya alikimbia kwa mbio za maana. Mimi humu ndani ni mpumbavu tangu mwanzo hadi mwisho. Nani angekaa chini ajitungie aibu kama hii, kisha aisimulie kwa watu wanaomfahamu? Kwa hiyo niamini, au cheka kwanza halafu uniamini. Nimezoea yote mawili.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa Kirushya, Ngara, kwenye vilima na migomba, ambako maji mengi kuliko yote niliyoyajua yalikuwa ya mtoni, nayo tuliyavuka kwa kukunja suruali. Nilisoma hadi kidato cha nne, na hilo ndilo lililonifikisha ziwani. Nilipangiwa kutunza ghala la pamba huko Nyamirembe, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, enzi hizo pwani ile yote ikiwa bado Biharamulo. Nikaoa huko huko, binti wa Kizinza aitwaye Leokadia.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na boti ndogo ya mbao yenye injini ya kufunga nyuma. Vita vya Kagera vilipoanza, mwendesha boti akachukuliwa kwenda mstari wa mbele. Mwenyekiti wa kijiji akaniita, akanionyesha kitabu cha injini. Kilikuwa cha Kiingereza.

"Kijana, wewe umesoma. Hii boti ni yako sasa."

"Mzee, mimi sijui kuogelea."

"Nani kakwambia uogelee? Boti ndiyo inaogelea. Wewe kaa tu."

Nikakaa. Na nikwambie, kusafiri kandokando ya ziwa kwa boti ndogo si jambo la kukaa tu. Ukienda karibu na nchi kavu, matete yanajisokota kwenye pangaboi na mawe yaliyojificha yanakusubiri kwa adabu. Ukienda mbali, mawimbi yanakuona mgeni. Karibu unavunja pini ya pangaboi, mbali unavunjika moyo. Mchana upepo unainuka, na wimbi usipolikata kwa mshazari linaingia ndani kama mgeni asiyepiga hodi. Petroli ya wakati ule wa vita ilikuwa na maji, injini ikikohoa kama mzee wa kiko. Halafu kuna jambo la uzito, nalo naomba ulielewe vizuri kwa sababu ndilo litakaloniaibisha baadaye. Mimi, injini na debe la petroli, wote tulikaa nyuma. Mbele pakiwa patupu, pua ya boti inainuka juu kama mbuzi anayetaka kula majani ya mti, na kila wimbi linaipiga kofi. Dawa yake ni kuweka uzito mbele. Nikiwa peke yangu niliweka jiwe kubwa. Nikiwa na abiria, abiria ndiye jiwe.

Basi, Leokadia alikuwa na mimba yetu ya kwanza, mwezi wa mwisho, miguu imevimba hadi viatu vyangu ndivyo vilivyomtosha. Mkunga wa zahanati alikuwa amepelekwa Bukoba kusaidia majeruhi. Lakini mama yake Leokadia alikuwa mkunga wa kienyeji aliyejulikana pwani nzima, na alikaa kijiji kilichokuwa nyuma ya rasi mbili kutoka kwetu. Magari yote yalikuwa yamechukuliwa na vita. Kwa miguu, kuzunguka ghuba ile ni safari ya kulala njiani. Kwa boti ni asubuhi moja.

"Niletee mama," Leokadia aliniambia. "Usiponiletea mama, mimi sitoki katika hili." Hakulia. Angelia ningepata nafuu.

Sasa, kwa watu wa huku, mama mkwe hatazamwi. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini. Jina lake hulitaji, na mimi silitaji hata leo. Mkilazimika kuzungumza mnazungumza kupitia mtu wa tatu, na asipokuwepo mtu wa tatu mnapitisha maneno kwa kuku, kwa mti, kwa chochote kilicho karibu. Tangu nioe, nilikuwa nimemwona mama yake Leokadia mgongo tu, na mgongo wenyewe ulikuwa mpana. Mungu anisamehe kwa kuusema.

Nikaenda. Nilivunja pini mara moja na kuomba Mungu mara nyingi, nikafika jioni. Shemeji yangu Deo, kaka yake Leokadia, akanisaidia kuvuta boti. Akanikaribisha nyumbani.

"Siwezi kulala kwa wakwe, shemeji. Na petroli hii nikiiacha, kesho nitaendesha boti kwa mate."

"Haya, lala na mke wako huyo wa bati," akasema akilipiga debe teke. "Mama nitamleta kukikucha. Usimwache, lakini! Anatembea polepole."

"Nimwache vipi, shemeji? Nimekuja kumchukua yeye."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu.

Kulipokucha, ziwa lilikuwa limejifunika ukungu mzito kiasi kwamba mtu aliye hatua kumi ni kivuli tu. Nikaisukuma boti majini. Nikalitoa lile jiwe la mbele nikalitupa ufukweni, kwani mama mkwe alikuwa anakuja, na mama mkwe yule, kwa hesabu yangu, alitosha mawe mawili. Nikageukia injini, nikawa nazungusha kamba ya kuwashia. Ndipo nikasikia changarawe zikilia nyuma yangu, hatua za mtu mzima, polepole.

Niligeuka? Sikugeuka. Mkwe mwenye adabu hageuki. Niliinamisha kichwa nikaliambia debe, "Debe, mwambie mama shikamoo, na akae mbele, kwenye ubao."

Kisha sauti ya chini, ya mtu aliyejifunika kanga mdomoni, ikajibu: "Debe, mwambie marahaba. Nimeshakaa."

Mtu akipanda boti ndogo, boti inayumba. Hata mtoto akipanda inayumba. Ile haikuyumba. Nami nikajisemea, huyu mama ana maarifa ya kupanda boti, si kama sisi watu wa Ngara. Nikavuta kamba, injini ikashika, tukaondoka.

Pua ya boti ikainuka juu. Nikaongeza mwendo, ikainuka zaidi, ikaanza kupigwa makofi na maji, pa, pa, pa, vilevile kama ninapokuwa peke yangu bila jiwe. Najua unachowaza. Lakini fikiri na wewe: nani anaanza kupima uzito wa mama mkwe wake? Nilijisikia mchafu hata kwa kuliona jambo lile. Nikakaza macho kwenye mkono wa usukani na kujisomea Salamu Maria.

Injini ya boti inapiga kelele kiasi kwamba wawili mliokaa ubao mmoja mnapigiana kelele mpaka shingo zinatoka mishipa. Yule aliongea kwa upole tu, kutoka mbele, na kila neno likanifikia kama ameniwekea mdomo sikioni.

"Debe, muulize kama vijana wameanza kurudi."

"Debe, mwambie mama bado. Vita bado inaendelea."

"Debe, muulize kama waliozama wanahesabiwa na waliorudi."

Swali hilo sikulipenda. Lakini nikajua, wazee wana maswali yao. Nikajibu, "Debe, mwambie mama hilo sijui."

"Basi mwambie aache nchi kavu, aende kulia."

Kulia kulikuwa ziwani, kwenye kina. Mtu yeyote anayesafiri pwani kwa boti ndogo anajua sheria moja: usiuache ukingo usipoona mbele. Na kwenye ukungu ule mimi nilikuwa naufuata ukingo kwa harufu ya matete. Lakini utambishia nani? Kumbishia mama mkwe, tena kupitia debe? Nikakata kulia.

Tulikwenda, sijui muda gani. Injini ikaanza kikohozi chake. Ikakohoa, ikanyamaza, na ule ukimya ukatuangukia kama blanketi lililoloa. Boti ikateleza yenyewe mpaka ikagusa kitu laini. Ilikuwa fungu la mafunjo yaliyong'oka yakawa yanaelea, kama kisiwa cha bure ambacho upepo unakipeleka unakotaka.

"Debe, mshukuru. Nitashuka hapa."

Nikasahau adabu, nikalipuuza debe. "Mama, hapa si nyumbani! Leokadia anakusubiri! Hapa hapana ardhi!"

"Nami ninaye wangu wa kumsubiri," ikasema ile sauti. Haikupitia kwa debe.

Nikasikia mafunjo yakichakarisha, hatua moja, nyingine, kisha hakuna. Boti haikuyumba hata kidogo. Ndipo, baada ya kila kitu kuisha, mimi shujaa nikainua macho. Hapakuwa na mtu. Ubao wa mbele ulikuwa mweupe kwa umande, umande mzima, laini, wa tangu usiku. Nikapitisha kidole, kikaacha mstari. Hakuna mtu aliyekuwa amekalia ubao ule.

Sitakueleza nilivyolia. Nitakueleza tu kwamba nilipiga kasia mpaka viganja vikachunika, na ukungu ulipoinuka nikaona ufukwe, na ufukweni mgambo wenye bunduki. Boti inayozunguka ziwani bila mwelekeo wakati wa vita, wewe ungeiita nini? Waliniita mpelelezi.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" akauliza mkubwa wao.

"Nilikuwa nampeleka mama mkwe kwangu."

"Yuko wapi?"

"Ameshuka."

"Ameshuka wapi?"

Nikaonyesha ziwa.

Wakatazamana. Mmoja akasema taratibu, "Huyu si mpelelezi, afande. Huyu kamtosa mkwewe."

Wakanifungia kwenye banda la samaki. Usiku wote niliwaomba: mke wangu yuko karibu kujifungua, niachieni. Wakajibu kwamba kila mwanamume anayekamatwa ana mke anayejifungua. Kesho yake shemeji Deo akapita njia ile, kabeba kifurushi, na nyuma yake mama yake Leokadia anachechemea. Mzima, mpana, mwenye hasira. Walikuwa wamelala njiani wakienda Nyamirembe kwa miguu.

Deo akawasimulia mgambo, na mimi nikisikia ndani ya banda. Yeye na mama yake walikuwa wamesimama ufukweni, si mbali na boti, wakaniona kwenye ukungu nikitoa jiwe, nikiinamisha kichwa, nikilisalimia debe, kisha nikiwasha injini na kuondoka. "Tukaita, 'Shemeji! Shemeji!' Hakugeuka. Tulidhani amerukwa na akili."

"Amerukwa," akasema afande, akanifungulia.

Tulifika Nyamirembe jioni. Leokadia alikuwa amejifungua usiku uliopita, mikononi mwa jirani aliyefanya alichoweza. Mtoto wa kike alikuwa hai. Leokadia alikuwa hai pia, lakini damu ilikuwa imetoka nyingi, na alikuwa na rangi ya majivu. Aliponiona mlangoni aliuliza jambo moja tu.

"Mama alichelewa wapi?"

Mama yake akanipita, akanawa mikono, akafanya kazi mpaka alfajiri. Alipomaliza alitoka nje, akasema hewani, bila debe, bila kuku: "Ningekuwapo usiku ule, angezaa tena." Ni kweli. Hatukupata mtoto mwingine. Leokadia hajawahi kunilaumu, na angenilaumu labda ningeweza kujitetea.

Wavuvi waliniambia baadaye kwamba si mimi wa kwanza kumbeba yule. Wanasema ni mama wa mtu aliyezama, na hawasemi zaidi. Sikuwauliza.

Tangu siku ile mama mkwe wangu aliniadhibu kwa namna ambayo sijaisikia kwingine. Kila tulipokutana, kanisani, msibani, sokoni Biharamulo watu wamejaa, alinijia mwenyewe. Mimi nikiinama, yeye anashusha kanga usoni na kusema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mkwe, nitazame. Ni mimi." Na sharti nitazame. Wanawake wanaziba midomo, wazee wanageuka pembeni kwa aibu, na mimi nimesimama namtazama mama wa mke wangu machoni kama mtu asiye na kwao. Hakuacha mpaka uzee. Ndiyo maana tulihamia Kirushya, na ndiyo maana mimi sitoki. Wanaosema napenda sana nyumbani, hawajui hata nusu ya habari.

Mama yake Leokadia alipofariki tulikwenda kuzika. Mkwe mwanamume haingii alimolazwa maiti ya mama mkwe. Mimi nikaingia. Wanaukoo walinishika shati, mmoja akaniita mshenzi, Deo akasema, "Mwacheni." Nikafunua shuka, nikatazama vizuri, bila kuharakisha. Kisha nikatoka nikamwambia Leokadia, "Ni yeye." Akanishika mkono mbele ya watu wote, akautuliza mapajani mwake.

Kwa hiyo nawe unayesoma, heshimu wakwe zako, sikukatazi. Lakini mtu akipanda chombo chako kwenye ukungu, hata awe nani kwako, mtazame usoni kabla hujawasha injini. Atakasirika. Watu watasema hukulelewa. Waache waseme, wewe tazama, kwa maana kuna mtu mahali fulani amelala anamsubiri yule wa kweli.