Kijerumani na Kizulu: ile niliyoiona rahisi ndiyo iliyoniponza

Wakuu, habari za saa hizi.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza humu: kati ya Kijerumani na Kizulu, Mswahili ajifunze ipi iliyo rahisi? Nimesoma majibu yenu, mengi ni ya haraka haraka. Mimi nilijifunza zote mbili kwa pamoja, hapa Voi, katikati ya miaka ya sabini. Nitaeleza yaliyonipata bila kujipendelea, maana sina cha kujipendelea.

Nilikuwa karani wa mapokezi kwenye lodge moja karibu na mbuga. Wageni wengi walikuwa Wajerumani, na meneja akatangaza kwamba atakayepita oral, yaani mtihani wa kuongea, ya Kijerumani atafanywa guide. Nikamfuata Uwe, fundi mitambo wa shamba la mkonge, anifundishe jioni.

Kizulu nilifundishwa na Thandeka. Alikuwa nesi kwenye dispensari ya mjini, mkimbizi aliyetoroka makaburu huko Natal, Afrika Kusini. Nilienda kudungwa sindano ya malaria, nikarudi na mapenzi. Tuliongea Kiingereza, na kila Jumamosi alinipa maneno ya kwao.

Sasa tulinganishe.

Kijerumani kinakutesa mapema. Kila nomino ina der, die ama das, na usitafute sababu. Mwanamume ni der, mwanamke ni die, lakini msichana ni das, eti si wa kike wala wa kiume! Nilimuuliza Uwe kwa nini, akanijibu, "Bwana, wewe kariri tu." Halafu kitenzi mara nyingi kinatupwa mwisho: "Najua kwamba wewe kesho nyumbani unaenda." Unangoja mpaka pumzi ikuishe ndio ujue mtu anafanya nini.

Kizulu, ukiondoa zile sauti za kufyatua ulimi, unajiona uko nyumbani. Mtu ni umuntu, watu ni abantu. Sisi Wadawida, yaani Wataita, tunasema mundu na wandu. Nyoka ni inyoka, nyama ni inyama. Ngiyakuthanda ni neno moja, ndani yake mko mimi, wewe na kupenda, sawa kabisa na nakupenda.

Basi nikavimba kichwa. Daftari la Kijerumani lilijaa mpaka pembeni, la Kizulu halikufika kurasa tatu. Nikisikia neno nilikuwa nabahatisha tu kwa Kiswahili. Siku moja Thandeka alisema ukuthenga, nikadhani ni kutenga, kumbe ni kununua. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mwakio, usibahatishe. Uliza."

Sikuwa mtu wa kuuliza.

Mwaka huo akapata nafasi kwenye hospitali moja Lusaka, kulikokuwa na watu wengi wa kwao. Akaniuliza wazi: "Nibaki ama niende? Ukitaka nibaki, nipeleke kwa mama yako Werugha."

Nilimtaka abaki kuliko kitu chochote. Lakini oral ilikuwa Jumatatu iliyofuata, nikamwambia, "Ngoja kwanza nimalize mtihani."

Ndio, wakuu. Nilimwambia angoje.

Jumapili asubuhi akaja lodge. Nilikuwa mapokezi nakariri, wenzangu ndio wanatoka kwenda kanisani. Alikuwa amevaa vizuri, na mkoba mdogo begani. Akanishika mkono, akanitazama, akasema:

"Sala kahle, Mwakio."

Mimi nikasikia sala. Jumapili asubuhi, mtu kapendeza, anataja sala, ni nini kingine? Nikajua ananitakia sala njema. Nikatabasamu kama bwege, nikajibu:

"Amina."

Kisha akauachia mkono wangu, akatoka. Nami nikarudi kwa der, die, das.

Jumanne nikaenda dispensari kumpa habari kwamba nimepita. Sista mkuu akanishangaa. "Si alisema anapitia kwako kukuaga? Alishaenda Taveta Jumapili hiyo hiyo, avuke mpaka aingie Tanzania."

Nikambishia: hakuniaga, alinitakia sala njema tu. Nikaandika barua Lusaka, moja, mbili, nyingi. Hakuna iliyojibiwa. Kwa miaka mingi nilimlaumu mbele ya watu kwamba aliondoka bila hata neno. Hilo linaniuma mpaka leo.

Miaka ya themanini mwanzoni, mchungaji mmoja mgeni kutoka Afrika Kusini alihubiri kanisani kwetu Werugha. Ibada ilipokwisha alisimama mlangoni akitushika mikono, akisema, "Salani kahle." Nikamuuliza kama anatuombea tusali vizuri.

Akacheka. "Hapana, ndugu yangu. Sala ni baki. Anayeondoka humwambia anayebaki: baki salama."

"Na anayebaki hujibu nini?"

"Hamba kahle. Nenda salama."

Nikatoka nikakaa kwenye ukingo wa shamba la kabichi, nikalia mchana kweupe watu wakinitazama. Mama alikuja kuniinua.

U-guide niliupata. Nimewazungusha Wajerumani mbugani mpaka nikastaafu, wakinisifu jinsi ninavyoongea. Sikuoa. Sisemi hivyo nionewe huruma, ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza, jibu langu ni hili: Kijerumani ni kigumu na kinakuambia mapema kwamba ni kigumu, ndio maana unakiheshimu. Kizulu kitakuchekea kama jamaa yako, na wewe utaacha kuuliza. Uliza kila neno, hata lile unalodhani umezaliwa nalo.

Karibuni mchangie, mnikosoe pia, hasa mnaojua Kizulu kuliko mimi.

Ila msiniambie kwamba pengine hakuelewa nilichomjibu. Nimejiambia hivyo miaka yote na haijanisaidia. Yule mchungaji alimaliza kila ombi lake kwa Kizulu, nikamsikia kwa masikio yangu: wao husema Ameni, na maana ni ile ile, na iwe hivyo. Katika maneno yangu yote, hilo moja Thandeka alilielewa vizuri.