Mama Kalenda na Mimba ya Tano

Parokiani walimwita Mama Kalenda, wala hakuchukia. Kwa miaka tisa, yeye na mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, ndio waliowafundisha wachumba njia ya asili ya kupanga uzazi, kila Jumamosi asubuhi, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Mume alichora ubaoni, mke akaeleza. Alitaja kipimajoto, ute na siku za hatari bila kupepesa macho, mpaka vijana wa kiume wakawa wanatazama viatu vyao. Hapo aliwatania: "Mkiona aibu kusikia leo, mtaona aibu zaidi kuhesabu vichwa mezani." Wakacheka, na baada ya kicheko wakasikiliza.

Siku nyingine za juma alifua mashuka ya hospitali. Chumba chake cha kazi kilikuwa na mashine mbili, meza ndefu ya kukunjia, na mlango uliotazamana na wodi ya wazazi. Mashuka ya wodi hiyo yaliletwa yamefungwa ndani ya mifuko ya plastiki, na kwa uzito wa mfuko tu aliweza kujua kama mama wa watu alivuka salama. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo.

Yeye mwenyewe alikuwa na watoto wanne, wawili wa mwisho kwa kupasuliwa. Kwa yule wa nne, kondo la nyuma liligoma kutoka, akavuja damu mpaka akaiona dari inakwenda mbali. Alipozinduka, daktari alivuta kiti akakaa, na daktari akikaa ujue kuna neno. Alimwambia mji wa mimba umebaki mwembamba kama karatasi, asijaribu tena, na akashauri afungwe kizazi. Alikataa. Alikataa kwa imani, maana Kanisa lao huhesabu kufunga kizazi kuwa dhambi, tena kwa amani, kwa kuwa njia yake aliijua na mumewe alikuwa mtu wa subira. Miaka sita ikapita bila kasoro.

Alipotimiza miaka arobaini na mbili, siku zake zikaanza kuchezacheza. Mara zinawahi, mara zinachelewa, na kipimajoto kikawa kinasema hili leo na lile kesho. Mganga hajigangi. Mwezi mmoja damu haikuja kabisa. Alijipa moyo kwamba ni umri, lakini harufu ya sabuni aliyoizoea miaka yote ikaanza kumgeuza tumbo.

Aliyempima ni muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, shoga yake wa siku nyingi. Muuguzi alitazama kipimo, akafunga mlango, akakaa naye bega kwa bega. Alisema ni wiki ya saba, na kwa hali yake daktari hatasita kuidhinisha itolewe. Vidonge vipo. Hakumsukuma. Alimwambia tu, "Nilikuwepo ile siku uliyomwaga damu. Sitaki kuwepo tena."

Siku ya pili yake, daktari alipoidhinisha, muuguzi alimpa vidonge vimefungwa ndani ya karatasi nyeupe. Akavitia mfukoni mwa koti lake la kazi, na tangu saa ile akawa anatembea roho mkononi. Hofu zilikuwa mbili, na kila alipoikimbia moja alijikwaa kwa nyingine. Aliogopa kufa na kuwaachia watoto upweke. Tena aliogopa mfuko wa koti lake.

Jumamosi ikafika, akaingia darasani kama kawaida. Mchumba mmoja, binti mwenye sauti ndogo, aliuliza, "Na ikikosea?" Swali lile alikuwa amelijibu mara mia. Akasema mtoto ni baraka, lakini maneno yalimtoka kama shairi la kukariri. Akatoka nje akatapika ukutani. Mumewe alimfuata, akamtazama, akaelewa kabla ya kuambiwa.

Yule fundi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa kwenye ngazi, akakunja mikono yenye makovu ya moto.

"Nikisema utoe, nimekusukuma dhambini," alisema. "Nikisema ubebe, nimekusukuma kaburini. Niseme nini, mama watoto?"

Mkewe akaenda kwa padre, mzee mpole aliyewafungisha ndoa. Padre alimweleza bila kuzungukazunguka kwamba mtoto hana hatia na hauawi. Kwamba madaktari wanaweza kumtibu mama kwa kila njia, hata kumtoa mtoto mapema akishaweza kuishi. Yote hayo aliyajua, alikuwa akiyafundisha.

"Na nikifa, Padre?"

Padre alivua miwani. "Sijui, mama. Hilo sina jibu lake."

Hasira ikampanda. Akamwambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Padre akainamisha kichwa, akasema ni kweli, hajakilalia. Mama Kalenda hakufarijika, lakini aliondoka akijua kwamba hakudanganywa.

Siku ya nne tangu apewe vidonge, alivirudisha kwa muuguzi. Baadaye watu waliojua hatari ile walimsifu kwa imani yake kubwa, lakini yeye alijua haikuwa imani tupu. Kifo alikiogopa sana. Ila kila alipogusa ile karatasi aliogopa zaidi jambo ambalo, likishatendeka, hangeweza kulirudisha.

Miezi iliyofuata haikuwa na raha. Akihisi kichomi kidogo, jasho linamtoka. Alihamishiwa kwenye meza ya kukunjia asinyanyue mizigo. Nyumbani akaanza kumwonyesha binti yake mkubwa, wa miaka kumi na saba, vyeti vya kuzaliwa vinakaa wapi, na mdogo akibanwa na pumu apewe dawa ipi kwanza. Alijifanya anamfundisha kazi. Binti alisikiliza, akarudia majina ya dawa, kisha akauliza polepole, "Mama, kwani unaenda wapi?" Akavirudisha vyeti mahali pake.

Wiki ya thelathini na sita, asubuhi, akalazwa kwa upasuaji. Daktari alileta fomu mbili: moja ya kupasuliwa, nyingine ya kufungwa kizazi. Hakubembeleza. Aliziweka juu ya blanketi, akaweka na kalamu.

Ile ya pili alikuwa amejiandaa kuikataa. Maneno alikuwa nayo, ni yale yale ya miaka sita nyuma. Lakini alipotaka kuyasema alisikia sauti ya binti yake ikimuuliza anaenda wapi. Akaandika jina lake kwenye fomu zote mbili, likaonekana kama limeandikwa na mtoto wa chekechea. Mumewe aliona. Alimshika mguu juu ya blanketi mpaka wakaja kumchukua.

Damu ilimwagika tena. Aliongezewa chupa nne. Mtoto, msichana, alilia kwa sauti iliyosikika hadi nje, na mama mtu akafumbua macho kesho yake.

Padre alipokuja kumtazama, mama mwenyewe alimwambia kwamba amefungwa kizazi. Alipopata nguvu alikwenda kuungama. Alitaja mengine yote akayajutia, lakini lile moja hakuweza. Baadaye alimsimulia mumewe alivyosema: kwamba kusema anajuta kungekuwa kudanganya, na pale hapadanganywi. Padre alimjibu kwamba bila majuto hawezi kumwondolea dhambi, na kwa hiyo asipokee komunyo, ila mlango haufungwi. Aje tena, hata mara ngapi.

Darasa wakakabidhiwa wengine. Watu walisema anapumzika na kichanga, akawaacha waseme hivyo. Hofu ya kufa ilimtoka, ikaja nyingine isiyo na sura, ambayo humshika hasa wakati wa komunyo, watu wanapopanga foleni naye akibaki kwenye benchi la nyuma na mtoto mapajani. Mumewe naye hubaki. Yeye hana kizuizi, na mkewe amemhimiza aende.

"Nitaenda siku utakayoenda," humjibu, kisha humpokea mtoto ili mkewe apate kupiga magoti.