Siku Tuliposimama kwa Jeneza la Sinema

Hilo tamasha lilikuja mjini kwetu Kasongo, Kongo, bila mtu kutueleza vizuri ni la nini. Mara tuliambiwa ni vijana wa nchi za mbali wanaoanza kazi ya kutengeneza filamu, mara ni mashindano, mara ni mafundisho. Mimi nauza vitenge, sina muda wa mambo yasiyoeleweka. Lakini mama alisikia sokoni kwamba filamu moja ilipigwa Salamabila, basi nyumbani hakukukalika. Mdogo wangu, kitinda mimba wake, alikuwa amekwenda kule kuchimba dhahabu, kisha simu yake ikazimika. Hatukujua kama yu hai au amekufa. Kila mwenye pikipiki aliyetoka upande wa Kabambare, kuliko hiyo Salamabila, mama alimsimamisha kumuulizia mwanawe.

"Pengine tutamuona humo," akaniambia.

"Mama, sinema si dirisha."

Alivaa kitenge chake cha Idi, tukaenda.

Ilikuwa mchana, na madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa turubai ili giza lipatikane. Joto, usiseme! Filamu ya kwanza ilitoka nchi ya baridi. Mzee alimenya viazi, akamenya, akamenya, ikaisha. Tukatazamana.

"Sasa alivila?" akauliza mwanamke nyuma yangu.

Hakuna aliyejua. Wageni wa mbele walipiga makofi, na sisi tukapiga, maana tungefanya nini?

Ndipo akasimama binti mgeni aliyetengeneza ile ya Salamabila. Alisema kwa Kifaransa, na mwalimu mmoja wa sekondari akatufasiria, kwamba filamu yake nusu ni kweli na nusu ni mchezo. Nusu ipi, hakusema. Wallahi, hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvurugika.

Tuliona tope, mashimo, wanaume wakicheka na wakigombana. Shimo likabomoka. Mtu akatolewa, akavikwa sanda, akalazwa kwenye jeneza, wenzake wakalibeba begani. Kwetu jeneza likipita, hata kama unapima chumvi, unaacha na kusimama. Basi ukumbi mzima ukasimama. Wanaume wakavua kofia za jua, wazee wakaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Yule binti akageuka, akatuona wote wima, akashika kifua, machozi yakamtoka. Akaanza kutuinamia, huku na huku. Masikini, alidhani tunamsifu yeye! Kicheko kilinipanda, nikakibana na ncha ya mtandio.

Kisha kwenye kitambaa cha sinema mtu mmoja akafunua sanda usoni ili wenzake wamuage. Nikamuona mdogo wangu. Alikuwa mdogo wangu, na kovu lake juu ya nyusi.

"Mutoto wangu!" mama akapiga ukelele. "Mutoto wangu wanamubeba wapi?"

Akaketi chini, kilemba kikamfunguka. Wanawake wakavua viatu, wakakaa naye, wakalia. Inna lillahi kila upande. Jirani yetu akaninong'oneza kuuliza matanga yatakaa kwetu au kwa mjomba, ili mikeka ipelekwe. Nililia, nikakasirika, nikalia tena. Mtu gani anakwenda kupiga picha mazishi ya watoto wa watu, halafu anakuja kumuonyesha mama mzazi mchana kweupe?

Nikamfuata yule binti, nikamkamata mkono. Mwalimu akaja mbio kutufasiria.

"Huyu mutu, iko hai ao amekufa?"

Binti akapauka. Akasema yu hai, ulikuwa mchezo tu, hata siku waliyoagana alikula sahani mbili za wali. Nikampelekea mama habari hiyo. Akakataa.

"Mgeni atasema lolote atoke hapa salama. Mimi nimeona sanda."

Kisha akajifuta uso, akamgeukia fundi wa mashine ya sinema. "Baba, rudisha pale."

Fundi akaanza kunung'unika juu ya ratiba na mafuta ya jenereta. Sikumbuki nilimwambia nini, ila aliirudisha haraka sana. Mama akasogea mpaka karibu na kitambaa. Jeneza likaja. Safari hii hakuna aliyesimama, hakuna aliyekaa vizuri, hatukujua adabu yake ni ipi. Mama akaweka kidole kwenye tumbo la maiti.

"Muangalie! Sanda iko inapanda!"

Kweli ilipanda. Ikashuka. Ikapanda tena. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Wale wale waliokuwa wakilia walikumbatiana, na yule jirani wa mikeka akataka kujua sasa ipelekwe au iachwe.

Katika zile kelele nikamuuliza binti: kwa nini yeye? Salamabila imejaa watu. Akasema wengine wote walikataa kuvaa sanda, waliogopa mama zao wangesikia. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyekubali. Alisema yeye ni *orphelin*. Neno hilo sikuhitaji mwalimu, Kasongo nzima inalijua. Yatima. Asiye na baba wala mama.

Mama alikuwa ameshafika nyuma yangu, anafunga kilemba chake.

"Anasema nini?"

"Anasema mutoto wako aliomba radhi kwako kwanza, kutoka mbali, ndipo akalala pale."

Mama alinitazama, na sikujua macho niyaweke wapi.

"Mie si kiziwi, mwanangu," akasema taratibu. "Kesho tafuta pikipiki ya Salamabila. Naenda mwenyewe. Anitazame machoni, aniambie nilikufa lini."