Fundi wa Kericho anayelipima gari kwa mvua

Saa nane kasorobo mchana, wingu jeusi linashuka kutoka upande wa mashamba ya majani chai na kuufunika mji wa Kericho. Katika uwanja wa mafundi wa jua kali, kila mtu anakimbilia mabati. Wachomeleaji wanazima mashine zao. Wauza vipuri wanatupa nailoni juu ya meza.

Wilkista Akello anafanya kinyume. Anamwambia dereva wa teksi alitoe gari kibandani na kulisimamisha mvuani, boneti ikiwa wazi. Anavaa glavu za mpira, anaiacha injini inyeshewe dakika mbili, kisha anajifunika pamoja nayo kwa turubai zito ili apate giza.

"Washa," anasema kutoka chini ya turubai. "Sasa kanyaga kidogo."

Injini inakohoa. Ndani ya giza lile, cheche ya buluu, nyembamba kama uzi, inaruka kutoka kwenye waya wa plagi na kugonga chuma.

"Nimemwona," anasema, kana kwamba amemkamata mwizi wa kuku. "Ni huyu wa tatu."

Wilkista, mwenye umri wa miaka 43, ni fundi wa umeme wa magari. Kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na tisa, na anasema hakuna mahali pa kuijua vizuri kama Kericho, ambako mvua huja karibu kila alasiri.

"Watu wananiambia, gari iko sawa asubuhi, mchana inakataa. Mimi nawaambia walete mchana," anasema akicheka.

Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, ambako wazazi wake walihamia kutoka Nyakach kutafuta kazi kiwandani. Alimaliza kidato cha nne bila karo ya kuendelea. Alipofika uwanjani mara ya kwanza kuomba kazi, fundi mmoja alimpa pesa akamtuma maandazi, akidhani ni binti wa mama anayeuza chai pale uwanjani.

"Nilileta maandazi," anakumbuka. "Halafu nikaketi hapo hapo nikaangalia vile anafungua jenereta. Kesho yake nikarudi."

Siku hizi, wiki ikiwa nzuri, hurudi nyumbani na shilingi elfu sita. Wiki mbaya hataki kuizungumzia. Lakini jina lake limefika hadi Bomet na Kipkelion, na hivi karibuni limefika mbali zaidi kwa sababu ya gari moja la buluu, mzee mmoja mkaidi na mke wake.

Mzee Hezekiah Chepyegon, miaka 66, ni mkulima wa viazi na ng'ombe wa maziwa karibu na Kedowa. Miaka minane iliyopita alinunua Subaru Impreza ya mwaka 1999, yenye turbo, kile kifaa kinachoipulizia injini hewa zaidi. Majirani walidhani amemnunulia mtoto wake. Kumbe ni yake, na msomaji wake wa ramani ni mkewe Caren, miaka 62, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi.

Kila mwaka wawili hao hushiriki mbio za kupanda mlima zinazoandaliwa na wapenda magari wa eneo hilo: kilomita nne za barabara ya murram isiyo na lami, kona ishirini na moja, gari moja moja dhidi ya saa. Jumapili gari hilo hilo huwapeleka kanisani.

"Yeye anaendesha, mimi nasoma," anaeleza Caren. "Nikisema kushoto polepole, ni kushoto polepole. Nilifundisha darasa la tatu miaka thelathini. Sirudii kitu mara mbili."

Mwaka jana mambo yalienda mrama. Mvua ilianza wakiwa katikati ya mlima. Walipobakisha mita mia tatu, injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikazima kwenye kona. Gari likateleza kinyumenyume hadi ukingo wa mtaro. Huko chini, gari lililofuata lilikuwa tayari limeruhusiwa kuondoka.

Wasimamizi walikimbia na bendera nyekundu, wakalisimamisha likiwa kona mbili tu nyuma yao.

"Sikuogopa mtaro," anasema Caren. "Niliogopa ile sauti ya gari ingine inakuja, na sisi tumekaa tu hapo, mzee anazungusha ufunguo, haiwaki."

Alifungua mlango, akateremka mlima kwa miguu hadi nyumbani. Jioni hiyo alitoa uamuzi wake: hangepanda tena mlima ndani ya gari lile mpaka yule fundi mwanamke wa Kericho, aliyesikia habari zake kanisani, atamke kwa mdomo wake kwamba limepona.

Mzee Hezekiah alijaribu kutafuta msomaji mwingine. Alimpata mpwa wake. Walifanya mazoezi siku moja.

"Alisoma vizuri," anakiri mzee. "Lakini haikuwa gari yangu tena."

Mapema mwaka huu, wiki sita kabla ya mbio, alilileta gari kwa Wilkista. Alikuja na katoni yake mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na nyaya nne nene nyekundu zinazong'aa, alizoagiza mtandaoni, na koili, kifaa cha kuzipa plagi umeme, ambayo boksi lake liliandikwa kwamba inatoa volti elfu sitini. Alichotaka ni kufungiwa tu. Kazi ya nusu saa.

Wilkista alizitandaza nyaya zile mezani, akachukua mita yake ya umeme na kuzipima mmoja mmoja. Mbili zilikuwa chuma kitupu ndani, bila kile kiini kinachozuia umeme wa plagi kuisumbua kompyuta ya injini. Wa tatu ulikuwa na ukinzani mara mbili ya ule wa nne. Zote zilikuwa ndefu kupita kiasi. Zingelala juu ya bomba la turbo na kuungua.

"Mzee, hizi sifungi," alimwambia.

"Kwa nini? Hii ni ya mashindano! Angalia unene wake!"

"Unene ni mpira, Mzee. Moto haupiti kwa mpira."

"Nimekuomba ufunge, sijakuomba maoni."

"Najua. Lakini Mama akipanda hii gari, anapanda kwa sababu mimi nimesema. Siwezi kusema."

Mzee alirudisha vitu vyake kwenye katoni na kuondoka kwa hasira, akafungiwa nyaya zile na fundi mwingine siku hiyo hiyo.

Nilimuuliza Wilkista kama hakuogopa kumpoteza mteja. Akanisimulia habari ya maziwa.

Mwaka wa 2017, mwenye pikapu alimjia kutoka Siongiroi akiwa na haraka. Alikuwa akikusanya maziwa ya majirani kuyapeleka Bomet. Alikuwa na nyaya mpya mkononi na akamsihi azifunge upesi. Wilkista hakuzipima. Siku ya pili mvua ilinyesha, pikapu ikazima porini, na maziwa ya familia kumi na moja yakaharibika.

Mwenye pikapu hakumlaumu. Nyaya zilikuwa zake. Hata hivyo Wilkista alisafiri hadi Siongiroi, akamwomba ampitishe nyumba kwa nyumba ili aombe msamaha.

"Wengine walinigombeza, nikasikia vizuri. Kuna mama mmoja alinipa chai, akaniuliza kama nimefika salama," anasema. Anageuza uso, anapangusa bisibisi ambayo tayari ni safi. "Huyo ndiye aliniumiza zaidi."

Tangu siku hiyo hakuna waya unaoingia kwenye gari bila kupimwa naye.

Siku ya nne baada ya ugomvi wao, gari la buluu lilionekana tena kwenye lango la uwanja. Taa ya injini ilikuwa inawaka, mshale wa mizunguko ya injini unarukaruka, redio inakwaruza. Mzee Hezekiah hakuingia. Alikaa ndani ya gari kwa dakika arobaini, mikono kwenye usukani.

Wilkista alimwona. Alimaliza kazi aliyokuwa nayo, akatembea hadi dirishani.

"Chamgei, Mzee," alimsalimu kwa Kipsigis. "Ingiza gari ndani, mvua inakuja."

Mpaka leo mzee huyo anaisimulia siku hiyo kwa sauti ya chini. "Hakuniuliza nilikuwa wapi. Hakusema si nilikuambia. Alisema tu ingiza gari."

Ndipo kazi ya kuchagua vipuri ilipoanza, na ilichukua karibu wiki tatu. Kwanza Wilkista alitaka kujua kama koili ya zamani bado ina uhai, kabla ya kumnunulisha mtu kitu. Alipoipima ikiwa baridi, ilisoma vizuri. Akaiweka karibu na jiko la mama wa chai ipate joto kama la injini, akaipima tena. Mita haikusoma kitu. Ndani ilikuwa imepasuka, na joto lilikuwa likiufungua ufa.

Katika gari hilo, koili moja huwasha plagi zote nne, mbili mbili. Ikiyumba, nusu ya injini inalala.

Alipanda gari hadi Nakuru akiwa na mita mfukoni. Kwenye duka la kwanza walimwonyesha koili mbili zilizotumika, akazipima, akazirudisha. Kwenye duka la pili muuzaji alikataa kufungua boksi, naye akatoka. La tatu lilikuwa na koili mpya ya namba ile ile ya asili, na mwenye duka akamwachia nafasi kwenye kaunta apime apendavyo. Boksi lake halikuwa na maneno makubwa ya volti.

"Koili inatoa ile moto plagi inaomba, basi," anaeleza. "Kuandika elfu sitini kwa boksi ni rahisi."

Nyaya ziliagizwa na duka hilo hilo. Alitaka urefu ule ule wa kiwandani, kiini chenye kinga, mpira wa silikoni unaostahimili joto la turbo, na kofia zinazobana sawasawa, kwa kuwa plagi za injini ile zimezama ubavuni, mahali ambapo maji na mafuta hupenda kujificha. Zilipofika zilikuwa nyeusi, nyembamba, zisizo na mvuto wowote.

"Zinafanana na kamba ya kiatu," mzee alilalamika.

Mwishowe alipunguza mwanya wa plagi kidogo. "Upepo wa turbo unapuliza moto kama mtu anapuliza kiberiti," anasema. "Ukiacha mwanya mkubwa, unauzima."

Vipuri vyote viligharimu shilingi elfu thelathini na moja. Kwa kazi yake Wilkista aliomba elfu tatu na mia tano.

Lakini Caren hakuridhika na maneno. Siku ya mazoezi, mvua ikinyesha mlimani, alimwita fundi kando.

"Umesema imepona?"

"Imepona, Mama."

"Basi wewe peleka, tuone."

Wilkista aliinamisha kichwa. Ilibidi aseme jambo ambalo uwanjani wengi hawalijui: hana leseni. Miaka yote hiyo amesikiliza magari yakiwa yamesimama, na mengine yameletwa yakiwa yamevutwa, lakini hajawahi kuendesha hata moja barabarani.

Caren hakucheka. Alifungua mlango wa mbele. "Keti kwa kiti yangu. Mimi nitakaa nyuma."

Walipanda wote watatu. Matope yalipiga vioo. Caren alisoma kona kutoka kiti cha nyuma kwa sauti ya darasani, huku Wilkista akishikilia mlango kwa mikono miwili.

"Nilifunga macho," anasema. "Nikabaki na masikio tu. Nikawa nasikiliza kila silinda. Moja, mbili, tatu, nne. Zote ziko."

Juu kileleni, Caren aliinama mbele. "Imekohoa?"

"Haijakohoa, Mama."

"Basi toka hapo. Hiyo ni kiti yangu."

Siku ya mbio ilikuwa Jumamosi. Magari kumi na tisa yalishiriki. Mvua ilianza wakati wa mzunguko wa pili, kali kuliko ya mwaka uliotangulia, na mawili yalirudi chini yakivutwa. Wilkista alisimama kileleni chini ya mwavuli, kisanduku cha vifaa miguuni, akihesabu kona kwa kusikiliza.

Kwenye kona ile ya mwaka jana sauti ilishuka. Akaacha kuhesabu. Kisha turbo ikavuta pumzi, na gari la buluu likatokea kwenye ukungu, matope mpaka paani, likavuka mstari.

Walimaliza wa kumi na moja. Mzee Hezekiah hata hakwenda kuangalia ubao wa muda. Alikaa kwenye usukani akicheka peke yake kama kijana.

Caren alishuka, viatu vimejaa matope, akamshika Wilkista mikono yote miwili.

"Asante, msichana wangu," alisema. "Huyu mzee alikuwa anakula chakula kimya mwaka mzima. Leo umenirudishia."

Sasa, kila Jumanne na Alhamisi saa mbili asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake, Wilkista huenda shule ya udereva mjini Kericho. Wenzake darasani ni wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Kabianga, na anasema wao hukumbuka alama za barabarani upesi kuliko yeye. Mtihani wake ni mwezi ujao.

Akifaulu, anataka kutafuta gari dogo la mtumba, hata kama halitembei, alitengeneze mwenyewe, aweke kabati la vipuri nyuma na mita yake mbele. Awe fundi anayefika.

"Watu wanazimikiwa na gari huko Siongiroi, huko Kedowa, na mimi nakaa hapa nangoja wavutwe," anasema, akilikunja turubai lake baada ya teksi kuondoka. "Nataka mtu akinipigia simu, amesimama kwa barabara na watoto ndani ya gari, nimwambie funga milango, ngoja hapo hapo. Niko njiani."